Likizo kwa bibi, huko Makete, Njombe: Juni au Desemba?

Kama watoto wanaenda mara moja tu kwa mwaka, mimi nasema Juni, na nasema hivyo nikijua baridi yake. Asubuhi sakitu imelala juu ya majani, nyeupe, na mtoto aliyekulia joto la Dar anaikanyaga kwa kisigino aisikie ikikatika. Kisha wote wanakimbilia jikoni, kwenye moto wa kuni. Bibi anafukua viazi kwenye majivu, anavipangusa kwa kiganja, anagawa mmoja mmoja. Hapo ndipo hadithi zinapotoka, maana baridi haimruhusu mtu kwenda mbali.

Desemba ina raha yake: ukoo mzima unakuja Krismasi, watoto wanalala mzungu wa nne, na Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, inaanza kuchanua. Lakini mvua inachafua barabara, mabasi yanajaa, na bibi anahudumia wageni kutwa. Mjukuu anapata binamu tele, bibi anampata kwa mafungu. Koti zito, soksi za sufu, waende Juni.