Apollo 4 na Apollo 6, ipi iliwafaa NASA zaidi?

Watu wakiongelea Saturn V, roketi ya NASA ya kwenda Mwezini, kurushwa kwa majaribio bila watu wanaisifia Apollo 4 tu, na kweli ile ya 9 Novemba 1967 ilikuwa moto, roketi nzima mara ya kwanza angani, mpaka mtangazaji Walter Cronkite anashikilia dirisha la studio lisidondoke kwa mtikisiko, na karibu kila kitu kikaenda freshi.

Apollo 6, 4 Aprili 1968, hiyo sasa ni balaa. Roketi ilitetemeka vibaya, injini 2 za hatua ya pili (kipande cha roketi kinachowaka baada ya cha kwanza) zikazimika kabla ya muda, ya hatua ya tatu ikagoma kuwaka upya. Kumbe kibomba cha kupeleka mafuta kwenye kiwashio cha injini kilipasuka, na amri ya kuzima injini mbovu ikaenda mpaka kwa jirani yake nzima maana nyaya zilipishanishwa, jamani! Na kwenye majaribio ya chini kibomba kilikuwa kinapona kwa sababu barafu ilikigandia ikapunguza mtikisiko, huko juu hakuna hewa, barafu itoke wapi.

Mimi nachukua 6. Matatizo hayo yangewakuta Apollo 8 Desemba ya mwaka huohuo, watu 3 ndani.