Duka la kuskani nyaraka, Mwanza: lafaa kwa wanaofuatilia historia ya meli za mvuke za Ziwa Victoria?

Kwa picha kuukuu, ndiyo. Omba nukta 600 kwa inchi, na wageuze nyuma pia. Muhuri wa studio na maandishi ya penseli hukaa huko, na bila kuambiwa hawageuzi.

Huduma yao ya kutafuta kumbukumbu ni dhaifu. Wakitafuta, wanaandika "Mwanza" tu, wakati karatasi za wakoloni Wajerumani zinasema Muansa, na Kisumu ya awali ni Port Florence. Halafu wanang'ang'ania jina la meli, kana kwamba majina hayabadilishwi! Wape namba ya ujenzi, ile ambayo kiwanda huipa kila meli. Meli ya Usoga, kwa mfano, ilijengwa Paisley, Uskochi, ikaletwa Kisumu vipande vipande, hivyo anzia karatasi za kiwanda. Bei nafuu.