Gundi ya Kuzibia Paa la Gari la Kulalia: Ipi Ununue Dodoma Kabla ya Mvua

Kila mvua zinapoanza kunyesha Dodoma mwezi Desemba, malalamiko ya wasomaji yanayonifikia huwa yanafanana. Mtu ana Hiace au Coaster aliyoitoa viti na kuiwekea kitanda, jiko la gesi na sinki. Paa limekatwa tundu la hewa na kufungwa paneli ya sola. Maji yanapenya, naye amekwisha kuyazuia mara moja, pengine mara mbili, lakini sasa yanapenya zaidi kuliko mwanzo. Nikimuuliza alizibia nini, hunijibu kwamba ni silikoni ya dukani, ile wanayoitumia mafundi alumini kwenye madirisha ya nyumba. Nikimuuliza aliipaka juu ya nini, hunijibu kwamba ni juu ya ile iliyokuwapo. Majibu hayo mawili yananitosha kujua kwamba gari hilo litaendelea kuvuja, na ndiyo sababu nimeona niandike mwongozo huu mapema, wakati bado ni kiangazi na kazi inaweza kufanyika kwa utulivu.

Sitazungumzia rangi ya gundi, wala kasi ya kukauka, wala maandishi makubwa ya nguvu za kushika yaliyochapwa kwenye tyubu, kwa sababu hayo muuzaji yeyote atakueleza bila kuulizwa. Kigezo changu ni kimoja, na ni kile ambacho mnunuzi hakifikirii kabisa anapokuwa dukani: gundi hii itatokaje siku itakapobidi kuondolewa, na itaacha nini juu ya bati? Bodi ya gari hujipinda kila linapopita kwenye makorongo ya barabara za vumbi; paa hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa kwa baridi ya usiku wa Juni na Julai; na jua letu, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, huichoma gundi kwa miezi saba hivi karibu bila tone la mvua. Hakuna mshono wa paa la gari unaodumu milele. Utaurudia tu, na siku ya kuurudia ndiyo inayoonyesha kama ulinunua vizuri au ulinunua vibaya.

Silikoni ikishakauka juu ya bati huacha utando mwembamba wa mafuta usioonekana kwa macho. Unaweza kuikwangua kwa wembe mpaka bati lionekane safi, ukalifuta kwa spiriti, na utando huo ukabaki palepale. Gundi ya aina nyingine haitashika vizuri juu yake, na hata silikoni mpya hushika vibaya juu ya silikoni kuukuu. Panda juu ya gari lililozibwa mara mbili, ingiza ukucha chini ya ukingo wa tabaka la juu, kisha vuta taratibu. Litakufuata lote, refu na laini, bila kukatika, na chini yake utaona mstari wa vumbi jekundu uliojipenyeza kati ya tabaka la zamani na jipya. Palipopita vumbi, maji nayo yatapita. Mafundi rangi wanalifahamu jambo hili vizuri sana, maana rangi ikipulizwa juu ya mabaki ya silikoni hujikunja na kuacha vitundu vidogo vya mviringo, na fundi anayejali kazi yake hatalipokea gari la namna hiyo mpaka eneo lote lipigwe msasa upya.

Ile ya bei ya chini, inayonuka siki wakati wa kukauka, ina hasara ya ziada. Harufu hiyo ni ya asidi ya asetiki, na asidi hiyo hula chuma kisicho na rangi, hasa kwenye kingo za tundu lililokatwa kwa msumeno na kwenye matundu ya skrubu yaliyotobolewa kwa drili. Kutu huanza chini ya silikoni, mahali ambapo jicho halifiki, nawe unaendelea kulisifu paa lako kwamba ni zima.

Gundi za poliyurethani, aina ya plastiki inayokauka ikawa kama mpira, haziachi utando wa namna hiyo. Msimamie fundi vioo anapobadilisha kioo cha mbele cha gari: hukata gundi ya zamani kwa waya, huacha tabaka jembamba la milimita moja au mbili, kisha huweka gundi mpya juu ya hilo tabaka lililokatwa muda uleule, kwa sababu poliyurethani hushikana na poliyurethani mwenzake. Kwa hiyo kurudia mshono hakuhitaji kuharibu rangi wala kumlilia fundi bodi. Hata hivyo, usiichukue gundi nyeusi ya fundi vioo ukaipaka wazi juu ya paa. Gundi ile haikutengenezwa kukaa juani, na ndiyo sababu kioo cha mbele huwa na ukanda mweusi pembezoni: ukanda huo unaikinga gundi dhidi ya miale ya urujuanimno.

Nafasi ya kwanza naipa Sikaflex-521 UV, na sifichi kwamba naipendelea Sika kuliko kampuni nyingine zote katika kazi hii. Ni kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa na Kaspar Winkler mwaka 1910, na kinachonivutia kwake ni kwamba kila bidhaa ina karatasi ya maelezo inayosema waziwazi gundi isitumike wapi, jambo ambalo watengenezaji wa gundi nyingi zilizojaa madukani kwetu hawajisumbui nalo. Hii 521 UV si poliyurethani ya kawaida. Ni ya polima za silani, aina nyingine ya gundi inayokauka kama mpira, imetengenezwa ikae nje juani, na unaweza kuikata kwa kisu au kuipiga msasa bila kuachiwa utando wa mafuta. Itumie kuzungushia kingo za tundu la hewa, miguu ya paneli ya sola na mahali nyaya zinapoingilia ndani. Ukikuta Sikaflex-522 badala yake, ichukue bila wasiwasi, kwani ni ya ukoo uleule na imekusudiwa magari ya namna hii hasa.

Nafasi ya pili ni utepe wa butili, nao haushindani na gundi niliyoitaja bali hufanya nayo kazi. Huu ni utepe laini, mweusi, wa kijivu au mweupe, unaouzwa ukiwa umeviringishwa pamoja na karatasi. Unawekwa chini ya fremu ya dirisha au ya tundu la hewa, kisha skrubu hukazwa mpaka utepe ubonyee na kutokeza pembeni. Haukauki, na kwa sababu haukauki, unafuata kila mtikisiko wa bodi. Siku ya kuutoa, fungua skrubu, inua fremu, kwangua kwa kipande cha plastiki, kisha malizia kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa na baadaye spiriti. Kwa kigezo changu, hakuna kinachoushinda. Udhaifu wake ni kwamba hauwezi kubaki wazi juani, na hauna kazi pasipo na skrubu za kuubana. Pia ndio ninaoushauri kwa madirisha ya akriliki, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, kwa kuwa unakaa kati ya fremu na bodi bila kugusa kioo chenyewe. Poliyurethani ikigusa akriliki au polikaboneti, plastiki nyingine ya namna hiyo, inaweza kuifanya ipasuke nyufa ndogondogo.

Nafasi ya tatu ni Sikaflex-221, poliyurethani halisi, nzuri kwa mishono ya bati itakayopakwa rangi juu yake au iliyofichika chini ya sakafu na ndani ya bodi. Juu ya paa, ikiwa wazi, nyeupe yake hugeuka manjano. Watu wengi huletewa Sikaflex-11FC kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Hiyo nayo ni poliyurethani, lakini ililengwa zaidi kwa zege na majengo. Itumie ukikosa 221, na uikague mara kwa mara.

Nimeulizwa pia kuhusu 3M 5200, gundi ya boti. Inashika kweli, na hapo ndipo ninapoikataa, kwa sababu imeundwa kwa kiungo cha kudumu. Tundu la hewa lililobandikwa kwa gundi hiyo litatoka pamoja na rangi, na kama paa ni la faibaglasi, huenda likatoka na tabaka la juu la faibaglasi yenyewe. Gundi ya Dicor ya Marekani, ile inayojisawazisha yenyewe ikimwagwa, ni nzuri mahali palipo bapa, lakini kuipata huku ni safari nyingine.

Silikoni isiyonuka siki inafaa ndani ya gari, kuzunguka sinki. Silikoni ya siki na utepe wa lami wenye karatasi ya alumini viacheni kwenye mabati ya nyumba; lami hulainika kwa joto la paa na kuchuruzika.

Sasa nije kwa wauzaji, kwa maana hata gundi bora huharibikia mikononi mwao. Poliyurethani na polima za silani hukauka kwa kufyonza unyevu wa hewa, na tyubu haizuii unyevu huo milele. Kwa kawaida uhai wake ni kama mwaka mmoja tangu kutengenezwa, kwa sharti kwamba ihifadhiwe chini ya nyuzi joto 25. Duka lenye paa la bati, Oktoba, saa nane mchana, halina nyuzi 25 hata kwenye rafu ya chini. Katika duka moja hapa mjini nilikuta tyubu zimepangwa kwenye meza ya nje, juani, na karatasi ya bei imebandikwa juu kabisa ya tarehe. Nilipoibandua, tarehe ilikuwa imepita kitambo. Muuzaji akaniambia, «Dada, hiyo ni gundi tu, haiozi.» Ukutani nyuma yake palikuwa na lile tangazo tunalolijua sote, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Inanikera sana, kwa sababu mnunuzi hawezi kugundua ubovu mpaka afike nyumbani, akate mdomo wa tyubu, na kukuta gundi ngumu isiyosukumika, au mbaya zaidi, gundi inayotoka vizuri lakini isiyoshika. Na hapo tena huna risiti, kwa kuwa ulipodai ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, uliambiwa mashine ina hitilafu, au bei ikapandishwa ghafla. Tyubu ileile, mtaa uleule, inauzwa kwa bei tofauti kwa kutazama tu umefika na gari gani.

Kwa hiyo kagua kabla ya kutoa fedha. Soma tarehe iliyogongwa kwenye tyubu, na utambue kama ni ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi. Kisha geuza tyubu na ubonyeze kitako chake kwa kidole gumba. Kikibonyea kidogo na kurudi, gundi bado ni laini, kikiwa kigumu kama jiwe, irudishe rafuni. Ukiagiza kutoka Dar es Salaam, sisitiza mzigo usikae kwenye buti la basi siku nzima, na omba upigiwe picha ya tarehe kabla ya kutuma fedha.

Ukavu wa hewa yetu nao unahitaji uvumilivu. Vipimo vya mtengenezaji hutolewa kwa nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50. Kwa hali hiyo gundi hukauka takriban milimita tatu kwa saa 24. Septemba na Oktoba Dodoma hewa huwa kavu kuliko hapo, hivyo liache gari litulie muda mrefu zaidi ya ulioandikwa kabla ya kulipeleka barabarani. Fanya kazi asubuhi mapema, maana bati la paa lisipite nyuzi 40. Ukishindwa kutuliza kiganja juu yake, ahirisha. Kabla ya hapo, tafuta mahali pa kuziba ukiwa ndani ya gari, si juu ya paa: baada ya safari ya njia ya vumbi, angalia kwa tochi pembe za dari na kingo za fremu, na popote utakapokuta mchirizi wa vumbi jekundu, weka alama ya chaki.

Wapo watakaosema bei ya Sikaflex haivumiliki ukiilinganisha na silikoni ya siki. Tupige hesabu. Tyubu ya mililita 300, ikitolewa kwa mstari wa milimita 5 kwa 5, inatoa mita 12. Tundu la hewa la sentimita 40 kwa 40 lina mzunguko wa mita 1.6. Ukilizungushia mara mbili umetumia mita 3.2, na zinakubaki karibu mita tisa kwa miguu ya sola na tundu la nyaya. Magari mengi ninayoyaona hayahitaji tyubu ya pili. Nunua hiyo moja, yenye tarehe ya karibuni, katika wiki ileile utakayoifanya kazi, na usikubali kuuziwa ya akiba ya mwakani.