Gari la spoti, shokapu iliyokufa, na yule bwana wa kaunta

"Kaka, hii ni gari ya spoti. Hukununua gari ya kubebea mayai."

Hayo niliambiwa na bwana wa kaunta ya huduma, kwa kampuni iliyoniuzia gari. Hakutoka nje kuliangalia. Hakuuliza linagonga upande gani, wala lilianza lini. Alitabasamu kidogo, akarudisha macho kwenye kompyuta yake, nami nikajikuta nimesimama na ufunguo mkononi kama niliyekuja kuomba msaada. Ndiyo maana naandika. Kama si yeye, huenda ningekuwa nalisifia tu gari hili na kuendelea na mambo yangu.

Maana kulisifia nataka. Ni gari dogo la milango mitano, lenye injini ambayo gari la umbo lile halikuihitaji. Nguvu zake na sekunde zake za kufika kilomita 100 kwa saa tafuteni wenyewe, zimejaa kila mahali. Mimi nililinunua kwa ahadi moja: shokapu za umeme zenye modi tatu. Laini, ya kati, na ile ya kushika barabara. Asubuhi unabeba watoto na mabegi yao, jioni unatafuta barabara yenye kona. Na mwanzoni ahadi ilitimia, siwezi kusema uongo. Ukikata usukani, pua inaingia pale pale unapoitaka. Bodi hailali. Unahisi matairi ya nyuma yanafuata kama yamefungwa kwenye mkanda wa suruali yako. Baada ya kona mbili tatu nzuri unasahau hata mkopo.

Kisha nyuma kulia pakaanza kusema.

Haikuwa kwenye mashimo makubwa. Ilikuwa kwenye vitu vidogo: kiungo cha daraja, kiraka cha lami, mfuniko wa mtaro. "Gu." Sauti kavu, fupi, inayopanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Nikiweka modi laini, gu. Nikiweka ya kushika barabara, gu ile ile. Mama yangu alipanda siku moja akakaa upande huo, akavumilia kimya mpaka tulipokaribia kufika, ndipo akauliza: "Mwanangu, hili gari lina ugomvi na nani?" Sikuwa na jibu. Nikalipeleka huduma, na huko ndiko nilikopewa lile la mayai.

Tulichambue kidogo jibu lile, kwa sababu wengi huwa wanalikubali na kurudi nyumbani.

Springi kazi yake ni kubeba uzito wa gari na kulipokea tuta. Shokapu inaizuia springi isiendelee kucheza tuta likishapita, na inalibana gurudumu chini lisirukeruke. Stabilaiza, ule ufito wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ndio unaozuia bodi isilale kwenye kona. Vitu vitatu, kazi tatu. Bodi ya gari la kawaida la familia hupanda na kushuka juu ya springi zake kama mara moja hadi moja na nusu kwa sekunde. Gari la spoti lililokazwa hukaribia mara mbili. Mwili wa mtu aliyekaa huchoshwa zaidi na mtikisiko wa juu-chini wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, ule unaokufanya ushuke garini umejishika kiuno. Sasa mhandisi anayejua kazi yake hulituliza gari kwenye kona bila kuuachia mtikisiko huo ufike kwenye kiti. Ni kazi ngumu, ndiyo. Lakini ndiyo niliyoilipia. Anayekwambia kwamba kugonga ni sehemu ya spoti anakwambia kwamba kazi hiyo haikufanyika, nawe ushukuru.

Na si jambo jipya, eti tuseme wanajifunza. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, kampuni ya Uingereza ya magari ya spoti, alikuwa akifunga springi laini na kuiachia shokapu nzuri kazi ya kulituliza gari, na Lotus Elan ya 1962 hadi leo inatajwa kila watu wanapozungumzia usukani mtamu. Cadillac walianza mwaka 2002 kuuza gari lenye shokapu za mafuta yaliyochanganywa na chembechembe za chuma: ukipitisha umeme, mafuta yanakuwa mazito ndani ya milisekunde, ukiukata, yanalainika. Alpine A110, gari dogo la spoti la Kifaransa lililotoka 2017, haina hata huo umeme kwenye shokapu. Ina uzito wa takriban kilo 1,100, springi zake si ngumu, na kona inazila. Sijawahi kusikia mtu akiiita gari la kubebea mayai.

(Uzito, jamani. Siku hizi gari la spoti linafika tani mbili na ushee kwa sababu ya betri, BMW M5 ya 2024 ina zaidi ya tani 2.4, halafu wanakaza kila kitu ili usiuhisi uzito huo. Lakini hilo nina mengi ya kulisema, niliache.)

Nikaenda kwa fundi wa kawaida, mzee mmoja mwenye gereji ndogo. Hakuniuliza gari ni la spoti au la nini. Alizunguka, akaikandamiza kila pembe kwa mikono miwili na kuiachia. Pembe tatu ziliinuka mara moja zikatulia. Ya nyuma kulia iliinuka, ikazama, ikainuka tena, ikazama tena, taratibu. Alinitazama tu. Kisha akaingia chini na tochi.

"Bosi, njoo uone mwenyewe."

Shokapu ilikuwa imelowa kuanzia kwenye sili ya juu hadi bolti ya chini, na vumbi lilikuwa limeganda juu ya mafuta likawa tope jeusi. Akapitisha kidole, kikatoka kama kimechovywa kwenye wino. Ya upande wa pili ilikuwa kavu, stika ya kiwanda bado inasomeka. Ile raba inayozuia shokapu isigonge chuma kwa chuma inapofika mwisho ilikuwa imechanika ubavuni, kipande kinaning'inia. Na tairi la upande huo lilikuwa limeanza kulika kwa mabaka mabaka, hapa limeliwa, hapa bado, kwa sababu gurudumu lilikuwa linarukaruka badala ya kukanyaga lami. Mzee hakunitoza chochote kwa kuangalia. Alisema tu kitu kikiwa na dhamana, niwarudishie wenyewe.

Mnaelewa maana yake? Pembe moja ya gari langu ilikuwa imelegea, haina kinachoishikilia, springi inakwenda hadi mwisho na kugonga. Yule bwana wa kaunta akaiita ugumu. Mtu anayelipwa kuyajua magari haya hawezi kutofautisha gari lililokazwa na gari lililokufa shokapu! Na mimi siku zote hizo naendesha nikiwa nimebeba watoto, nikifunga breki juu ya lami mbovu huku gurudumu moja liko hewani nusu ya muda. Nikilifikiria hilo usiku huwa sipati usingizi vizuri.

Niliporudi na picha nilizopiga, nilikutana na mtu mwingine, dada mmoja mpole, nisimseme vibaya. Yeye alinieleza kwamba kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Nikamwambia dada yangu, isingeonyesha! Kompyuta inaongea na vali ya umeme iliyomo ndani ya shokapu. Vali ni nzima, waya ni mzima, inaamrishwa na inatii. Mafuta yakivuja hakuna sensa inayonusa. Ndiyo maana Mungu aliumba tochi. Wakabadilisha kwa dhamana, na raba wakabadilisha, na ya kushoto wakaibadilisha baada ya mimi kusisitiza kwamba shokapu hubadilishwa kwa jozi. Samahani sikuipata. Bwana wa mayai nilimwona kwa mbali, akajifanya anatafuta karatasi.

Tairi lililolika waligoma. Eti ni kitu cha kuchakaa. Limechakazwa na nani?

Sasa naomba niwe mkweli, na hapa ndipo hukumu yangu inaponiyumbia. Gari lililotoka pale ni gari jingine. Modi ya kati ndiyo tamu kuliko zote: inameza viraka, halafu ukiliingiza kwenye kona ndefu linakaa, halitetemeki, halibishani nawe. Kuna kona moja inayoteremka na katikati ina wimbi la lami. Magari mengi pale huruka kidogo na moyo unaruka nayo. Hili linashuka, linajikaza mara moja, limepita. Nilicheka peke yangu. Nikajiuliza kama si kosa kulisusia gari kwa ajili ya mtu mmoja mwenye mdomo.

Halafu nikaweka ile modi ya kushika barabara kwenye barabara ya kawaida, na hasira ikarudi. Kwenye lami iliyonyooka kama meza ni nzuri ajabu. Penye makunyanzi, gari linarukaruka juujuu, na gari linalorukaruka halishiki kitu, kwa hiyo jina lenyewe la modi ni la uongo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukiichagua, vinakuja vyote kwa pamoja: usukani mzito, injini ya kuruka, ekzosi ya kelele, na shokapu ngumu. Nikitaka injini kali na shokapu laini inabidi niingie kwenye skrini, ndani ya ukurasa, ndani ya ukurasa mwingine, na nikizima gari linasahau. Ferrari walilitatua hili kwenye 430 Scuderia ya 2007 kwa kitufe kimoja: gari linabaki kwenye modi ya kasi, shokapu peke yake zinalainika kwa ajili ya barabara mbovu. Kitufe! Wale wenye gari la ndoto wamefikiria lami mbovu, huyu aliyeniuzia gari la kupeleka watoto shule hakufikiria.

Na modi laini nayo ina lake. Kwenye mawimbi marefu ya barabara kuu bodi inaelea, inapepesuka, na aliyekaa nyuma akisoma simu atafungua dirisha. Kwa hiyo kati ya modi tatu nilizolipia natumia moja. Ile moja ningeweza kuuziwa na shokapu za kawaida zilizopangwa vizuri, zisizo na vali wala waya, na pengine zingedumu.

Halafu matairi. Rimu za inchi 19 ambazo kila mtu anazipenda pichani, na tairi la upana wa 235 lenye ubavu wa asilimia 35 ya upana huo, yaani milimita 82 za raba kati ya chuma na shimo. Hakuna shokapu duniani inayoweza kuficha hilo. Mtikisiko mdogo mkali huanzia kwenye tairi kabla shokapu haijaamka. Ubavu mfupi unasaidia usukani kujibu haraka, nakubali, na nitaukosa kidogo nikihamia rimu ndogo.

Nyota? Wiki ile ya mayai ningetoa moja, na ningeitoa kwa kuwa sifuri haipo. Leo gari ninalipatia nyota nne. Huduma sitoi kitu, hata kwa heshima ya yule dada. Ukiniuliza kama ulinunue, jibu langu linategemea siku: jana ningekwambia lipande kwanza kwenye barabara yako mbovu kuliko zote, ukae kiti cha nyuma, si cha mbele, leo nimetoka kwenye ile kona inayoteremka na ningekwambia nenda kachukue. Ila ukisikia "gu", usipite kaunta. Lala chini na tochi, piga picha, ndipo uende.

Matairi haya yakiisha nafunga rimu za inchi 18, breki zinaingia, nimeshapima. Wakiniambia nimeharibu dhamana tutaonana pale pale kaunta.