TAHADHARI: Fundi wa kompyuta ameniuzia ufunguo wangu mwenyewe

Ndugu zangu wa Amu, yule fundi wa kibanda cha Langoni, mnaomjua mnamjua, msimpelekee mashine. Mwizi! Amekula elfu sita zangu na ahsante juu.

Nilimpelekea laptopu yangu. Nilitaka aniwekee Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, Windows ibaki. Ubuntu ikawaka vizuri. Kuchagua Windows kwenye menyu, kikaja kioo cha buluu kinadai ufunguo wa tarakimu 48. Nikarudi mbio. Akavua miwani, akaguna. "Dada, umedukuliwa. Faili zimefungwa, na ufunguo wauzwa Marekani." Hesabu zote za gesti zimo mle, na wageni wa Maulidi wako njiani. Wewe ungefanyaje?

Akataka barua pepe yangu, eti ya risiti. Mara simu yangu ikalia, meseji ina namba. "Nisomee hiyo, ndiyo ya malipo." Nikamsomea moja moja, wateja wanasikia! Akaigeuza simu yake nisiione kioo, akawa anaingiza tarakimu sita, anatulia, sita tena. Windows hiyo, imefunguka. Nikamtumia M-Pesa pale pale. Na asiniulize mtu kwa nini nilimwamini: kompyuta za ami ni yeye azitengenezaye, na alasiri yuko safu ya mbele msikitini.

Binamu yangu wa Mombasa alicheka mpaka akakohoa. Hakuna mdukuzi. Ile ni BitLocker, kufuli la Windows lenyewe la kulinda faili, hudai ufunguo fundi akichezea Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Na ufunguo wenyewe ulikuwa bure ndani ya akaunti yangu ya Microsoft! Ile meseji ndiyo iliyomwingiza humo. Halafu kumbe hata "leseni ya Ubuntu ya mwaka" aliyonitoza ni uongo, Ubuntu haiuzwi leseni, unapakua tu.

Kwa hiyo fundi akitaka namba ya meseji, beba mashine yako utoke. Kabla hujampa yeyote, ingia aka.ms/myrecoverykey unakili ufunguo kwenye karatasi. Kama alishakushika, badilisha nywila leo.

Nimemwendea, ananijibu ni "ada ya utaalamu". Utaalamu wa kuiba! Kibanda kifungwe, pesa azirudishe mbele ya wateja wale wale, kisha alale ndani. Kesho asubuhi naenda kituoni na meseji za M-Pesa. Aliyeliwa naye aje tuandikishe pamoja.