Kompyuta kuukuu za chuo: SSD kila moja, au seva moja kwa zote?

Mashine zilizorundikwa stoo ya chuo zinaweza kurudi darasani kwa njia mbili. Ama kila moja iwekewe SSD (diski ya kasi) ndogo kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, RAM (kumbukumbu ya kazi) ifike GB 4 au 8, kisha Linux Mint ya Xfce, mfumo endeshi mwepesi. Ama zitolewe diski kabisa, ziwake kupitia mtandao na kuvuta kila kitu kutoka seva moja, yaani kompyuta kuu, yenye LTSP, programu ya Linux ya kazi hiyo. Windows 11 haimo kwenye hesabu: inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na mashine hizi hazina.

Seva humpendeza fundi. Anasasisha mara moja, mashine 30 zimesasishwa, na mwanafunzi akikaa popote anazikuta faili zake. Ila darasa zima likiwasha pamoja saa mbili asubuhi, swichi ya 100 Mbps, kifaa kinachounganisha mashine, itahema. Seva inataka gigabit, yaani Mbps 1,000. Na seva ikizimika, chumba kizima kimekwisha. Kwa stima zetu za Nairobi zinazopotea bila hodi, UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, si anasa.

Kwenye SSD, moja ikifa 29 zinaendelea. Usumbufu ni kuzunguka na flashi mashine kwa mashine. Tena kagua betri ya CR2032, ile ya duara inayotunza saa ndani ya mashine: ikiisha, saa hurudi nyuma miaka, na kivinjari hukataa tovuti salama kwa kuona vyeti vyake havijaanza kutumika. Wengi hulaumu intaneti bure.

Fundi wenu akiwa wa kuitwa kwa simu tu, mimi ningechukua SSD.