Fundi wa redio pale Luthuli Avenue, Nairobi, kama unaanza ham redio (redio ya ridhaa) anzia kwake

Hii rivyu ningeiandika kitambo lakini nilitaka kwanza mvua ya masika iishe nione kama kazi itashika, na sasa imeisha na redio bado inasikia vizuri, so wacha niseme vile ilikuwa.

Mimi ni msikilizaji tu kwa sasa. Leseni bado sijafanya, kwa hivyo situmi chochote hewani, nasikiliza. Nakaa Umoja, ghorofa ya tano, na nina redio ya mitumba ya mawimbi mafupi yenye SSB. Kama hujui, SSB ni njia ya kutuma sauti ambayo hao jamaa wa ham wanaongea nayo, na ukiwasikiliza na redio ya kawaida utasikia sauti kama ya bata, hutashika neno. Sasa mwezi wa nne nilikuwa nimevuta waya mrefu kutoka dirishani hadi kwa nguzo ya kuanikia nguo juu kwa paa, nikauchomeka kwa redio, usiku ule radi ikapiga mahali mbali huko na asubuhi mawimbi mafupi yalikuwa kimya kabisa. FM inashika, AM inashika, shotiwevu hakuna kitu. Nikazungusha mafundi wawili karibu na kwangu, wa kwanza akasema redio imekufa ninunue ingine, wa pili akakaa nayo wiki nzima akairudisha vile ilikuwa na akanilipisha mia tano za kuifungua. Iliniuma sana.

Ndio nikaambiwa niende Luthuli. Kibanda kiko ghorofa ya kwanza kwa moja ya zile nyumba za zamani zilizogawanywa vibanda vidogo vidogo, unapita wa spika na amplifaya, unapita wa skrini za simu, halafu kona ya mwisho kushoto. Jina hakuna mlangoni. Utajua umefika ukiona bodi za redio zimening'inizwa kwa misumari na mzee mmoja amekaa kwa stuli ya plastiki akisikiliza mosi kod, ile lugha ya nukta na mistari, kama mtu anasikiliza habari.

Fundi hakuichukua redio kwanza. Aliniuliza, "Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na waya ulikuwa umechomekwa?" Nikamweleza. Akaniambia basi ni FET ya mbele, ile transista ndogo inayopokea mawimbi kutoka kwa antena, hiyo haivumilii chaji ya radi hata kama radi yenyewe imepiga kilomita kadhaa mbali. AM inaendelea kushika kwa sababu inatumia kile kijiti cheusi cha ferite cha ndani, haipitii hapo. Akaifungua mbele yangu, akapima na mita, akanigeuzia mita nione mwenyewe namba vile zinasoma sawa pande zote mbili, yaani imeshoti. Sijawahi kuona fundi Nairobi anakugeuzia mita uone!

Akaweka transista mpya, halafu akaongeza kitu sikuwa nimeomba, diodi mbili za 1N4148 zimepishana kichwa na mkia kati ya antena na ground. Vile alinielezea ni kwamba mawimbi ya kawaida ni madogo sana hayafungui diodi, lakini chaji ikipanda ikapita kama 0.6 volti hivi diodi zinafunguka zinaimwaga kwa ground kabla haijafika kwa transista. Lakini akanionya kwa ukali kidogo, kama babangu, kwamba diodi si kinga ya radi yenyewe, nikiona wingu jeusi nichomoe waya na niutupe nje ya dirisha. Kazi yote KSh 1,200 na hizo diodi hakunilipisha.

Sasa hapo ndio nilimwamini, juu ya kitu kilichofuata. Nilitaka antena ya maana, ile dipoli, waya mbili zilizonyooka na kebo katikati, ya bendi ya mita 20 (huo ni urefu wa wimbi, si wa waya, kama megahezi 14), na nilikuwa nimesoma kwamba kebo inafaa kuwa ya ohm 50. Nikamwambia nipe mita 15. Akaniuliza kama nina leseni ya kutuma, nikasema bado, akasema basi usitupe pesa, chukua ile ya TV ya ohm 75, kwa kusikiliza haitakusumbua na dipoli yenyewe ikiwa juu vizuri iko karibu na ohm 73 hata hivyo. Akaniuzia kwa 40 mita moja na ile nilikuwa nimeitisha ingekuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Alikuwa nayo, imezungushwa pale ukutani, na hakuiuza.

Hesabu akanifundisha kwa kipande cha katoni, 143 gawa kwa megahezi, kwa hivyo 143 kwa 14.1 ni mita 10.14, kila upande kama mita 5 na kitu, lakini kata ndefu kwanza kwa sababu waya unaweza kuukata tena lakini huwezi kuurefusha. Jumapili akamtuma kijana wake na kale kamashine ka kupima antena kanaitwa NanoVNA, kanatoshea mfukoni, nikalipa KSh 800 na nauli. Tulifunga dipoli kati ya nguzo ya nguo na stendi ya tangi la maji, keateka akiwa amesimama hapo kuhakikisha hatutoboi mabati. Kwa skrini shimo, pale antena inashika vizuri zaidi, lilikuwa kwa megahezi 13.7, yaani waya ni mrefu. Kijana akapunguza kama sentimita 15 kila upande, si kwa mara moja, anakata kidogo anapima, anakata anapima, mpaka shimo likakaa kwa 14.1. SWR, kipimo cha vile antena na kebo zinaelewana (1 ndiyo bora), ilisoma 1.5 na hakujaribu kunidanganya kwamba ni kasoro ya kulipiwa tena, alisema ni sababu ya kebo ya 75 na niko sawa.

Jaribio lenyewe nilifanya saa kumi na moja jioni siku hiyo hiyo. Kuna vituo 18 vya majaribio duniani vinapokezana kwa megahezi 14.100, kila kimoja kina sekunde 10, na mzunguko unarudi kila dakika tatu. Kinapiga jina lake kwa mosi halafu mistari minne mirefu, jina na mstari wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Kenya pia iko kwa hiyo orodha, jina lake 5Z4B. Kabla, na ule waya wangu wa dirishani, Pretoria nilikuwa naisikia jina tu na mstari wa kwanza. Jioni hiyo nilihesabu tatu. Wati moja, chini ya balbu yoyote kwa nyumba yangu, karibu kilomita 2,900, na niliisikia nyembamba lakini safi, nikaita mke wangu aje asikie na yeye akahesabu tatu. Japani ilikuja na mstari mmoja.

Kelele za mtaa bado ziko, siwezi sema zimeisha. Chaja za simu za majirani, balbu za LED, na ua wa stima wa ile kampaundi ya nyuma unapiga tik, tik, tik kila sekunde. Fundi alinipa duara la ferite alilotoa shingoni mwa TV ya zamani, zile za mgongo, KSh 100, nikazungusha kebo mara saba karibu na redio na ule mvumo wa chaja ukashuka sana. Tik tik imebaki.

Mambo ya kulalamikia yako. Aliniambia Jumanne redio itakuwa tayari nikapata Jumamosi, na simu hashiki akiwa na kazi mkononi. Risiti hupewi mpaka uitishe. Na nafasi ni ndogo, mkiwa wateja watatu mmoja anasimama kwa ngazi.

Lakini nenda Jumamosi baada ya saa sita hata kama huna cha kutengeneza. Wapenzi wa redio hupita hapo. Yule mzee wa stuli ana leseni na koli saini yake, yaani jina lake la hewani, inaanza na 5Z4 kama nyingi za Kenya, na alituambia wakati wa mkoloni ilikuwa VQ4. Alinikalisha akanifundisha kusikia herufi kwa mdundo wake badala ya kuhesabu nukta na mistari, akiniambia, "Kijana, sikiza wimbo, usihesabu." Yeye ndiye alinielekeza kwa Amateur Radio Society of Kenya, na akanieleza leseni inatoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Siku hiyo hiyo kijana fulani alikuja na redio ya mkononi anataka ifunguliwe itume kwa masafa ambayo si yake, ametoa pesa tayari, na fundi akamrudishia pesa akamwambia akipata leseni arudi amwekee zile za ham, megahezi 144 hadi 146, bure.

Beba pesa ya M-Pesa, till imeandikwa kwa kipande cha katoni juu ya mita. Kama redio yako imezimika baada ya mvua mwambie ukweli kama waya ulikuwa umechomekwa, itampunguzia saa nzima ya kutafuta. Mimi narudi mwisho wa mwezi kuchukua ufunguo wa mosi, kile kidude cha kubonyeza nukta na mistari, wa mitumba aliniwekea.